Pua Mpya ya Machibya

Jumapili, 8 Desemba

Tumerudi nyumbani! Nyumba yetu. Chumba na sebule, Igogo, na ukisimama kwenye ngazi ya nje unaliona ziwa. Mke wa Machibya. Naandika tena — mke wa Machibya! Leo siku ya ishirini na mbili.

Watu wanajua tulikwenda Dar fungate. Fungate ilikuwepo, tena tamu. Lakini katikati yake Machibya wangu alilazwa akatengenezwa pua. Kile kigongo cha juu, cha tangu darasa la tatu alipopigwa teke na ndama. Kutwa anapiga picha za pasipoti pale Mabatini, anaangalia pua za watu, kumbe moyoni anaiwaza yake. Ameniapisha, mtu asijue. Mwanaume kwenda kuchongwa pua? Mtaa huu ungemcheka mpaka uzeeni.

Mimi kile kigongo nilikipenda. Hapo ndipo nilipokuwa nambusu. Sijamwambia na sitamwambia.

Leo kanisani hakuna aliyegundua. Wamesema ndoa imemkubali, uso umejaa. Ni uvimbe, jamani! Halafu akapiga chafya mdomo wazi, kama daktari alivyoagiza. Kwaya nzima iligeuka.

Jumatano, 11 Desemba

Karatasi ya daktari naificha ndani ya foronya. Nimeshaikariri. Kutembea, ruhusa. Kuinama na kubeba vizito, hapana, mpaka wiki nne ziishe. Kukimbia polepole, baada ya hizo wiki nne, tena kama hakuna damu. Mpira — miezi mitatu! Pua ikigongwa kabla ya hapo inaweza kupinda upya, na yote yakawa bure.

Kwa hiyo ndoo nabeba mimi, gunia la mkaa nimebeba mimi, na yeye ananifuata mikono mitupu. Mama mmoja bombani kaniuliza, "Wewe umeolewa au umeajiriwa?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilitaka kulia kidogo.

Lakini asubuhi tunatembea kando ya ziwa, tumeshikana mikono, mpaka kwenye yale mawe makubwa na kurudi. Kwa ajili ya hiyo hata magunia kumi nitabeba.

Jumamosi, 14 Desemba

Josephat kaja. Balaa!

Kila tarehe 26 kanisa letu lina mechi ya Waliooa na Wasiooa. Machibya amewadakia Wasiooa miaka sita, na miaka sita Waliooa wamefungwa. Sasa kavuka upande. Josephat ndiye nahodha wa Waliooa. Kakaa kwenye kochi letu jipya, anacheka peke yake. "Shemeji, sisi ndoa hii tuliisubiri kuliko wewe!"

Machibya akasema goti linamsumbua.

Josephat akalitazama goti. Akanitazama mimi. "Goti, au shemeji?"

Nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumatano, 18 Desemba

Wiki tatu na siku mbili tangu upasuaji. Tulipofika kwenye mawe kaniachia mkono akaanza kukimbia. Ajaribu tu, anasema. Nilimwita. Nilimkimbilia na kandambili zangu! Hatua mia mbili hivi, akasimama, akageuka anacheka, mzuri jamani, mzuri — na tone moja la damu kwenye kola.

Damu yenyewe ilikoma haraka. Lakini Ngosha, mshambuliaji wa Wasiooa, alikuwa anapita na baiskeli. "Kipa! Goti limepona, eh?" Saa sita mchana Igogo yote ilikuwa inajua. Goti halisaidii tena. Sasa imebaki sababu moja tu, na sababu hiyo ni mimi.

Ijumaa, 20 Desemba

Mama mkwe kapiga simu kutoka Magu. Shikamoo mama, marahaba, hali ya hewa, ng'ombe. Halafu akashusha sauti. Amesikia simruhusu mwanaye kucheza na wenzake. Mume hafungwi kamba, mwanangu. Na yeye aliwahi kuwa bibi harusi, anaelewa, lakini nimwachie apumue.

Nikasema ndiyo, mama.

Nimembembeleza Machibya tumwambie Josephat peke yake. Amekataa. Josephat atamwambia mkewe, Rebeka, na Rebeka ni nesi pale hospitali yetu. Wodi nzima itajua. "Uliniapia, mke wangu."

Niliapa. Nikiwa na shela kwenye sanduku bado halijafuliwa, niliapa.

Jumanne, 24 Desemba

Amesema atakwenda kushika kibendera pembeni tu. Ameahidi. Amenibusu, taratibu, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande ili pua isiguse.

Nimemwamini.

Alhamisi, 26 Desemba. Saa kumi na mbili jioni

Naandika haraka, mwandiko gani huu.

Alishika kibendera kweli. Kipindi kizima cha kwanza! Nilikuwa nimekaa na Rebeka tunakula miwa, nina furaha, naona kila mtu mwema. Kipindi cha pili, wako sare ya moja kwa moja, kipa wa Waliooa kaanguka anashika msuli wa mguu. Josephat akamvua glavu. Akaanza kutembea nazo kuelekea kwenye kibendera. Uwanja mzima, "Machibya! Machibya!"

Alitikisa kichwa. Alikuwa anakataa. Niliona kwa macho yangu, alikuwa anakataa!

Ndipo niliposimama. Nilifikiri nikiibeba aibu mimi, yeye atakuwa salama. Nikapaza sauti, "Hachezi! Mimi ndiye ninayemkataza!"

Halafu kicheko, kile cha watu wote. Ngosha kapiga magoti katikati ya uwanja, mikono juu. "Mama, tunaomba ruhusa ya mtoto! Tutamrudisha kabla ya chakula!"

Shingo ya Machibya ikakaza. Hakunitazama. Akatupa kibendera, akapokea glavu.

Mimi! Nilimvisha glavu zile kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akadaka mbili. Ya tatu Ngosha aliipiga kutoka karibu sana. Akaizuia kwa uso.

Waliooa wameshinda mbili kwa moja. Walimbeba juu juu, damu imejaa jezi, wanaimba jina lake. Rebeka kaja na pamba, "Shemeji, hebu niione hiyo pua." Machibya akamwondoa mkono kwa upole. "Ya kawaida tu, dada. Mpira."

Sasa tuko nyumbani. Damu imekoma. Nilimkalisha wima, kichwa ameinamisha mbele, kama karatasi inavyosema. Simu ya daktari inaita mpaka inakatika, sikukuu. Karatasi inasema pia: ikigongwa, usisubiri, nenda hospitali iliyo karibu. Iliyo karibu ni ya Rebeka, anaingia zamu saa moja. Machibya hataki. Anasema kwanza tuone.

Ameweka stuli mbele ya ukuta mweupe. Amekaa ubavu, mgongo wima, kama anavyowakalisha wateja wake. Amenipa kamera nimpige, tulinganishe na picha ambayo daktari alimpiga baada ya upasuaji. "Usinidanganye, mke wangu."

Nimemtazama kwenye kamera. Pale juu pameinuka. Sijui ni uvimbe, sijui ni kigongo kimerudi. Ni palepale. Palepale pangu. Na moyo ukaruka — na haikuwa hofu peke yake, Mungu nisamehe.

Nimesema betri imeisha, natafuta chaja. Niko huku jikoni, naandika nimesimama. Chaja ninayo mkononi.

"Umeipata?"

Bado, mume wangu.

"Lakini uliiona? Imenyooka au haijanyooka?"