Mama, Ulimwita Mdogo Wako na Mimi Sikumpigia

Mama,

Nimeolewa! Leo ni siku ya tisa naitwa mke wa mtu, na kila asubuhi namtazama kwanza nihakikishe kweli yupo. Anaitwa Yoeli. Ana sauti nzito na mikono mikubwa, anaweka sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama, na akiniita "mke wangu" mbele ya watu nasikia joto mpaka masikioni. Ungempenda, Mama. Najua ungeanza kwa kununa, maana ni mlokole, tena wa kanisa lilelile la Mama Mdogo kule Dumila.

Alikuja kwenye msiba wako. Na hapo ndipo pananibana. Siwezi kukusimulia furaha yangu nikaparuka hapo.

Unakumbuka juma lako la mwisho. Ulikuwa umelala chumba cha mbele, harufu ya karafuu tulizoanika uani ikiingia dirishani, ukaniambia, "Felista, mwite Agnesi." Kwa miaka minne sikuwa nimekusikia ukitaja jina la mdogo wako, tangu alipobatizwa upya mtoni, akasema ubatizo wenu wa utotoni ulikuwa kulowanishwa nywele tu. Nawe ukamjibu kwamba kanisa lake ni turubai na spika.

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Simu ilikuwa mkononi. Sikupiga. Niliogopa atakuja na wenzake wakemee mapepo juu ya kitanda chako na kukuvua rozari. Nikajiambia nitapiga Jumamosi. Ijumaa ukaondoka.

Msibani nilifanya vibaya zaidi. Wenzako wa jumuiya ya kanisa walikuwa katikati ya rozari, kwaya ya Mama Mdogo ikashuka kwenye gari na kinanda chao. Nikasimama njiani nikawaambia, "Nyimbo zenu kaimbieni Dumila. Mama yangu amekufa Mkatoliki." Akina mama wa jumuiya walitikisa vichwa kuniunga mkono, nami nikajiona nimeitetea imani. Mama Mdogo akageuka na kwaya yake. Bi Zaina, jirani yetu, ndiye aliyewatandikia mikeka kwake na kuwapa maji, Mwislamu wa watu, kisha akanipigia kelele juu ya ua, "Wee Felista, kwani Yesu wenu wako wawili?"

Kijana mmoja tu alirudi. Alikuwa amevua tai ya kwaya na kukunja suruali, akawaomba jembe watu waliokuwa wanakuchimbia. Alichimba mpaka mwisho. Nilipompelekea maji alisema, "Pole sana, dada," akanirudishia kikombe. Basi. Ile pole nilikaa nayo miezi, Mama. Nilimfukuza mtu, naye akaenda kumchimbia mama yangu kaburi! Ningeachaje kumpenda?

Tulipokutana tena na kukubaliana kuoana, padre alituombea kwa askofu kibali cha kuolewa na asiye Mkatoliki, kikapatikana. Kilichobaki ni nafasi yako wewe. Unajua kwetu mama akifariki, ndugu yake wa tumbo moja ndiye mama. Nani mwingine angenifunda? Nani angesimama upande wangu kanisani? Nikaenda Dumila.

Nilimkuta kwenye meza yake ya nyanya kando ya barabara.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza na huku?"

Nilistahili. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, nikamwomba msamaha, nikamwomba awe mama yangu siku hiyo. Akaendelea kupanga nyanya. Akasema, "Nitasimama. Ila niambie kitu kimoja. Dada alinitaja?"

Ningeweza kusema hapana, Mama. Hakuna ambaye angejua. Na harusi yangu ingekuwa salama. Nikamwambia, "Alikuita. Mimi ndiye sikukupigia."

Akakaa juu ya kreti. Nilingoja anipige. Baadaye akasema, taratibu sana, "Juma lile nilisikia anaumwa. Nilifika mpaka Mkuyuni. Nikajiambia, aanze yeye, mimi ndiye niliyetukanwa. Nikageuka na gari la mjini."

Mkuyuni, Mama. Angepanda mlima kidogo tu angefika kwetu.

Tulilia pale, wateja wakidhani tumefiwa. Na kweli tulikuwa tumefiwa, ila hatukuwahi kulia pamoja.

Alikuja siku tatu kabla ya harusi akanifunda chumbani kwako. Uani kulikuwa na mafiga ya jumuiya huku na mafiga ya kwaya kule, kila upande na sufuria zake, hakuna anayemwazima mwenzake hata chumvi. Mama Mdogo akavuka uwanja akasimama mbele ya Mama Sabina, mwenyekiti wako wa jumuiya. "Niliusema vibaya ubatizo wa dada yangu, na wenu pia. Nisameheni." Mama Sabina akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Shika mwiko, ubwabwa unaungua." Nikacheka hadi wanja ukanitoka.

Padre alitufungisha ndoa bila misa, asije mmoja wetu akabaki benchi wakati wa komunyo. Lakini Jumapili iliyofuata nilikwenda kupokea, na Yoeli akabaki amekaa. Nilirudi nikamkuta ameinamisha kichwa, ananiombea. Iliniuma, Mama. Mume wangu, mwili mmoja nami, na bado hatuli meza moja. Jumapili ijayo ni zamu ya kwao, nami nitakaa benchi. Sijui litakwisha lini. Najua tu kwamba lililokuzuia kumwona mdogo wako si meza. Ni kiburi chako, na chake, na changu, na changu ndicho kilichokuwa na simu mkononi.

Nisamehe, Mama. Pumzika. Mama Mdogo anakuja kwetu Jumamosi, na nakuahidi hili: akianza kusali kwa sauti yake ile ya kupasua bati, nitashika mkono wake, na nitasema amina.

Mwanao,
Felista