Wanasema Maziwa Yamelala

Tengeru

Dada Mariamu mpendwa,

Kabla sijakusalimu, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote. Mtoto wangu namnyonyesha kwa kujificha. Nambeba hadi kwenye migomba, nyuma ya banda la ng'ombe, nampa ziwa la kushoto ambalo nyumba nzima imeamua limeoza.

Sasa nakusalimu. Hujambo, dada? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Miguu ya Baba imepungua kuvimba? Shikamoo yangu imfikie Mama. Huku Meru mvua haikatiki, na mimi naendelea kupona, ingawa siwezi kusema niko mzima.

Unakumbuka siku ya harusi, mama mkwe alivyosimama mbele ya wazee wetu akaahidi kwamba nikizaa nitakaa ndani miezi mitatu, nile mtori wa ndizi na nyama, nisishike kazi? Ahadi hiyo aliitimiza, siwezi kumsingizia. Aliyeivunja ni wifi yangu Aikande, yuleyule niliyekaa naye dawati moja mpaka tukamaliza kidato cha nne, aliyekuja kwetu Singida likizo, ukamsuka nywele.

Siku hizi Aikande ana meza ya mitumba sokoni. Tangu biashara iachiwe huru, hata walimu wanauza nguo. Siku moja ya soko, mama mkwe alikuwa amekwenda msibani Kisongo, na Aikande akaamka na homa. Akaja chumbani kwangu amejifunga shuka.

"Tabi, robota la nguo za watoto nimelifungua jana. Nisipouza leo, wenzangu watauza. Nenda unikalie mezani, mimi nitabaki na Nuru. Saa sita urudi."

"Mama akijua?"

"Nani atamwambia? Wewe au mimi?"

Dada, nilikwenda. Wateja hawakuisha, na sikuwa na wa kumwachia meza, nikarudi jioni. Blauzi ilikuwa imelowa na kifua kinavuta, ziwa la kushoto gumu kama jiwe la kusagia. Nuru analia. Nilipotaka kumnyonyesha, Aikande akanishika mkono.

"Usimpe hayo, yamekaa ziwani tangu asubuhi, yamelala. Tena yamelala juani, yatamharisha. Yakamue kwanza uyamwage."

Hata kwetu tunaamini hivyo. Nilimwona Mama akikamua chini kila akirudi shamba. Basi nikakamua. La kulia likatii, la kushoto likatoa matone tu. Nikaliacha, nikawa nampa mtoto la kulia peke yake. Haikuchukua muda, la kushoto likawa jekundu na la moto, nami natetemeka kama mwenye malaria. Nilimwonyesha Aikande, yeye tu. Aliapa hatamwambia mtu.

Jumamosi wanawake wa jumuiya walikuja kumwona mzazi. Nikiwa chumbani nikamsikia Aikande jikoni.

"Wifi yetu msomi, mnamwona? Kamwacha mtoto mchanga, kaenda kukaa sokoni. Nilimkataza, hasikii. Sasa ana ziwa moja la maziwa, na moja la mawe."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Basi mumewe Elisante hana haja ya kwenda kuchimba Mererani, mgodi anao ndani."

Mama mkwe akaniita. "Fungua, tuone."

Mbele yao wote, dada. Unanijua. Shuleni nilikuwa naoga alfajiri wenzangu wakiwa bado wamelala. Nilifungua. Akabonyeza, pakatoka ute wa njano, naye akashtuka kwelikweli. Mtoto wake wa kwanza alikufa mchanga, na mpaka leo anaamini alinyonya maziwa mabaya. "Mjukuu wangu hatakunywa sumu," akasema. "Acha yakauke. Atapewa ya ng'ombe." Nikamtazama Aikande, nikingoja aseme neno moja tu. Aliinama akaendelea kumenya ndizi.

Mume wangu aliporudi na mizigo yake kutoka Namanga, nilimweleza yote.

"Aikande anasema alikukataza."

"Na mimi nakuambia alinituma."

"Tabitha, usinigombanishe na mdogo wangu."

Siku ya kumpima mtoto nilimwonyesha nesi wa kliniki. Akaniuliza nani kanifundisha kwamba maziwa hulala. "Si kiporo hayo, mwanangu. Mweke mtoto hapohapo panapouma, anyonye. Ukiliacha limejaa ndipo litafanya jipu." Akanipa vidonge, akanionyesha namna ya kulikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, polepole, kuelekea kwenye chuchu. Maneno hayo nilimpelekea mama mkwe.

"Huyo nesi amezaa wangapi?" Akaondoka na sufuria yake.

Ndiyo maana naaga kwamba nakwenda kuanika nepi. Mara ya kwanza Nuru alipolishika, niling'ata kanga nisipige kelele. Nilihisi kama kipande cha kioo kinapita ndani. Kisha pakazibuka, nikayasikia maziwa yakishuka na uvimbe ukilainika mkononi mwangu. Homa imeondoka. Mama mkwe anasema, "Unaona maziwa ya ng'ombe yanavyomnenepesha?" Namwitikia. Kikombe cha mtoto nakinywa mimi.

Aikande bado ananiletea mtori kila asubuhi, ananiita Tabi, ananiuliza nimelalaje. Hajaniomba radhi. Nadhani ameshaanza kuamini yale aliyoyasema. Ningejua ananichukia ingekuwa afadhali, lakini hanichukii, dada. Nami naupokea mtori wake na kumshukuru, kwa sababu humu ndani sina mwingine wa kuongea naye.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na mdogo wetu anayechunga, na bibi aliyetulea. Mwambie Mama kwamba mjukuu wake ameanza kucheka.

Mengine usimwambie, hata akikuona umelia. Akijua atamwandikia mama mkwe wangu, naye hajui kusoma. Anayemsomea barua ni Aikande, na hata zinazokuja kwangu huzifungua yeye. Ukinijibu, niandikie habari za mvua na mtama tu. Siku watakayojua ninakokwenda na mtoto, watamtoa mikononi mwangu, na maziwa haya yatakauka kweli. Naomba yaishie kwako.

Mdogo wako,
Tabitha