Pasi Ndani ya Mkoba wa Fundi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo. Natumaini goti lako limetulia na wajukuu wamekuachia japo kiti kimoja cha kukalia. Mimi ni mzima, ila macho yangu siku hizi husoma kwa kubembelezwa.

Uliniambia kwenye simu kwamba Jumamosi hutakwenda kituoni kumuaga mumeo, kwa kuwa hutaki kusikia wakimwita "Giza" hadi siku ya kustaafu. Nimelifikiria hilo wiki nzima, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Miaka thelathini na moja shemeji amerusha hewani taarifa ya habari ya mji wetu, nawe umeona mgongo wake tu akitoka asubuhi. Mimi msomaji wa habari nilimwona kazini. Watazamaji hudhani picha huwafikia yenyewe, kama mvua. Sivyo. Kila siku, nusu saa kabla ya taarifa ya saa saba mchana, alizunguka chumba cha mitambo akigusa kila waya kwa vidole, mmoja mmoja. Wapiga picha walimtania kwamba anaamkia nyaya na kumsahau mkurugenzi. Alijibu kwamba mkurugenzi akiugua, habari hurushwa. Waya ukiugua, hairushwi.

Studioni kulikuwa na soketi aliyoizungushia utepe mwekundu. Ilikuwa ya umeme wa akiba unaolisha mitambo ya matangazo, na umeme huo una kipimo chake: ukiuzidishia mzigo, kila kitu huzimika. Alitukataza kuchomeka humo hata redio.

Siku ya giza unaikumbuka. Mto umefurika, nawatangazia watu kwamba daraja limefungwa, mara skrini za mji mzima zikawa nyeusi kwa dakika kumi na moja. Mumeo alisema kosa ni lake. Akanyimwa ukuu wa mitambo aliokwisha kuahidiwa, akabandikwa jina lile, nawe ukamwambia mbele yangu kwamba umeolewa na mzembe. Yeye akaendelea kumenya chungwa lake.

Mdogo wangu, hakukosea yeye. Kabla ya taarifa nilipiga pasi kola ya shati langu, na soketi ya karibu ilikuwa ile ya utepe mwekundu. Nikaisahau pale. Pasi ilipopoa na kujiwasha tena yenyewe katikati ya taarifa, mitambo ikalemewa. Shemeji aliichomoa, akaitia kwenye mkoba wake wa zana ikiwa bado ya moto, kabla mkurugenzi hajaingia. Nilipotaka kukiri, alinieleza kwamba watu wakiacha kuniamini, kesho hawataamini kwamba daraja limefungwa. Yeye, alisema, sura yake hakuna aijuaye. Nikakubali haraka mno. Haraka hiyo imenitafuna miaka ishirini na miwili.

Juzi, akikabidhi zana, aliniletea pasi ile, waya wake umefungwa kwa utepe mwekundu. Akasema ataona aibu shemeji yake akizeeka na mikunjo.

Jumamosi nimepewa nafasi ya kuzungumza. Nitasimama na pasi hiyo mkononi na kueleza yote. Lakini sikutaka uyasikie pamoja na umati. Njoo, ukae mstari wa mbele, ubavuni mwake.

Wajukuu wasalimie wote. Shemeji usimwambie neno. Mmenyee chungwa tu, ataelewa.

Ni mimi kaka yako,
Giza