Uji wa Mama Mkwe

Ishiara, Jumanne

Aniripoti tu! Nimemwaga uji wa mama mkwe wa Wanja kwenye sinki la wadi ya kujifungua, na sijuti.

Nilikuwa naenda kumwekea Wanja dripu ya kuongeza uchungu, nikasikia harufu ya dawa ya miti kwenye uji aliokuwa anakunywa kutoka chupa ya mama mkwe.

"Ni ya kuharakisha mtoto, sista," mama mkwe akasema.

"Mama, hata dripu ni ya kuharakisha. Zikikutana, kizazi kinaweza kupasuka."

"Wewe hata hujazaa. Utanifunza nini?"

Iliniuma, maana ni kweli. Lakini dripu sikuweka, kwa kuwa Wanja alishaunywa. Tulingoja.

Jioni Wanja akajifungua msichana. Wamempa jina la huyo huyo mama mkwe, na analia kwa sauti kama yake. Kesho mama mkwe akileta chupa nyingine ya uji, nitaifungua mbele yake na kunusa.