Mpira wa Breki Ndani ya Chupa ya Jamu

Jumatatu, 13 Aprili. Kilosa

Ndege itaruka Jumamosi. Kasema Kapteni Ngassa mwenyewe, kwa simu kutoka Mikumi, saa nne asubuhi. Mvua ikikubali.

Nimeandika, nimemaliza chai. Makala iko nusu. Ndege kuukuu ya viti vitatu, mabawa ya kitambaa, umri unazidi wangu. Kapteni huitumia kutafuta tembo wanaotoka hifadhini, wakulima wajue waelekee wapi na wasielekee wapi. Inaishi kwa vipuri vya magari ya zamani. Vitasa vya milango ni vya gari la kusambazia mikate. Masta silinda mbili, pampu ndogo zinazosukuma mafuta ya breki, ni zilezile zilizofungwa kwenye magari madogo enzi hizo. Waliounda ndege hawakuzitengeneza. Walizinunua.

Mchana nimekwenda Mabwerebwere, kwenye karakana ya Mama Zuhura. Wiki iliyopita ndiye aliyetia mipira mipya ya kuzibia mafuta kwenye silinda hizo. Baba yake alikuwa fundi wa reli hapa Kilosa na alimwachia sheria moja: aliyefunga breki ndiye anayepanda safari ya kwanza. Kwa hiyo Jumamosi anakaa mbele, kando ya Kapteni. Ana miaka sitini na tisa. Hajawahi kupanda ndege. Ameshanunua ushungi wa kijani.

Tatizo. Silinda zilikwenda Mikumi kwa basi, zikiwa kavu. Zuhura alitia mipira ya gari, ya kukaa kwenye mafuta ya njano ya breki. Ijumaa iliyopita, Mikumi, nilimwona Kapteni akizijaza mafuta mekundu ya breki za ndege. Nilipiga picha kopo. Leo nimeikuza picha na kusoma maandishi madogo: yasitumike na mipira ya breki za gari.

Nimemwambia hapohapo. Kacheka mpaka akaweka spana chini. "Mwandishi wetu, wewe andika. Silinda ya gari, mpira wa gari. Miaka arobaini sasa."

Nimempigia Kapteni. "Kitabu cha ndege kinasema mekundu, nimetia mekundu. Mipira ni ya Zuhura. Kwa Zuhura sina neno."

Kila mmoja yuko sahihi kwa kazi yake. Hilo ndilo linalonisumbua.

Sina ushahidi. Zuhura kanipa mipira miwili iliyobaki na mafuta ya njano kidogo: "Kachezee." Kapteni kanitumia kichupa cha mafuta mekundu kwa basi la mchana. Chupa mbili za jamu dirishani. Moja nyekundu, moja njano, mpira mmoja katika kila chupa. Kipenyo kwa rula: milimita 22. Yote miwili.

Jumanne, 14 Aprili

22 na 22. Hakuna habari.

Mvua tangu asubuhi. Nimesafisha lenzi. Nimesoma tena maandishi ya kopo. Hayasemi mpira utafanywa nini. Yanasema tu yasitumike.

Jumatano, 15 Aprili

Nyekundu 23. Njano 22.

Nimempigia Mama Zuhura. Kauliza nimepimia nini. Rula ya plastiki, nimesema. "Hiyo ya watoto wa darasa la pili?" Yuko sahihi. Milimita moja kwa rula ile si habari. Ningekuwa mhariri ningeikataa.

Mpira ukivimba, breki ikikanyagwa hairudi. Gurudumu linabaki limeshikwa. Ndege ikitua na gurudumu moja limeshikwa inageuka, au inabinuka. Nimemuuliza fundi wa Morogoro, nisiyemtaja. Kasema bila kusita.

Jioni habari kutoka Malolo. Tembo wameingia kwenye mahindi. Mashamba mawili. Wakulima wanamwomba Kapteni asingoje Jumamosi. Kasema ataangalia hali ya hewa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nyekundu 25. Njano 22.

Mpira wa nyekundu umelainika. Ukucha unaacha alama. Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Saa tisa nimekwenda Mabwerebwere na chupa zote mbili. Karakana imefungwa. Jirani yake, muuza vitumbua, kasema Mama Zuhura kaondoka na basi la saa saba kwenda Mikumi. Kapteni kasogeza safari. Kesho saa mbili asubuhi, kabla mawingu hayajashuka.

Simu zao hazipatikani. Kiwanjani kule hakuna mtandao, na Kapteni hulala hukohuko kwenye banda la ndege. Nimetuma ujumbe. Haujafika. Basi la jioni halipo, barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya imeharibika. Nimempata bodaboda wa alfajiri.

Jumatatu nilikuwa na neno la kopo. Nilitaka chanzo cha pili. Ilinipasa kwenda Mikumi Jumatatu hiyohiyo.

Ijumaa, 17 Aprili. Mikumi

Kuondoka saa kumi na moja na nusu. Tope Ulaya, pikipiki tumeisukuma mara tatu. Chupa nimezifunga kifuani kwa shati.

Kufika saa mbili na dakika saba. Propela inazunguka. Ndege inatambaa kuelekea mwisho wa kiwanja ili igeuke iruke. Ushungi wa kijani kiti cha mbele.

Nimekimbia hadi katikati ya kiwanja, mbali nao, nikasimama. Chupa juu, mkono wa kulia na wa kushoto. Wameshageuka. Wananitazama. Injini imepanda sauti, kisha imeshuka. Imezimwa.

Kapteni katoka kwanza. "Una wazimu wewe? Unataka nikukate vipande?"

Mama Zuhura kashuka polepole. Nimemwamkia. Hajaitika. Kapokea chupa nyekundu, katoa mpira, kaubonyeza kwa dole gumba. Akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa silinda tupu, ya zamani. Mpira umegoma kuingia. Kajaribu mara mbili. Kachukua wa chupa ya njano. Umeingia mara moja, kwa kidole.

Kairudisha silinda mkobani. Kisha: "Kapteni, tuisukume."

Tumeisukuma watatu. Upande wa kulia umekwenda. Wa kushoto umegoma, ndege ikaanza kujizungusha. Kapteni kaweka kiganja kwenye ngoma ya breki ya kushoto, kakiondoa haraka. Ya moto. Ndege ilikuwa imetambaa tu, kutoka bandani mpaka mwisho wa kiwanja.

"Ningetua na hii," kasema.

Mama Zuhura kafuta mikono, kanigeukia. "Shikamoo yako sikuiitika. Marahaba."

Nimekaa kwenye majani yenye maji.

Jumamosi, 18 Aprili. Mikumi

Tembo wamerudi Malolo jana usiku. Shamba la tatu. Wakulima wameligundua asubuhi, hakuna aliyeumia. Mkulima mmoja kanipigia simu: ndege iko wapi? Nimemwambia ukweli, breki mbovu. Kasema mahindi yake yalikuwa yamebakiza wiki tatu kuvunwa.

Ndege ingeruka, pengine shamba lingepona. Pengine. Siwezi kuliandika wala siwezi kuacha kuliwaza.

Kapteni anasema kosa ni lake, alipaswa kuuliza mipira ni ya nini. Mama Zuhura anasema ni lake, alipaswa kuuliza watajaza nini. Wamebishana hadi chai ikapoa. "Usinibebee mzigo wangu, Kapteni." "Fundi, ndege ni ya nani?" Nimeandika yote mawili.

Jumapili, 19 Aprili. Kilosa

Mafuta ya njano hayawezi kutumika. Yangekula mabomba ya mpira ya ndege yenyewe. Mipira ya awali, ya kustahimili mekundu, haitengenezwi tena.

Leo alasiri Mama Zuhura kaniita. Juu ya meza yake jeki nne za magari, zimefunguliwa. Kaeleza kama anayesema jambo dogo: jeki inanyanyua kwa mafuta ya jamii ileile ya mekundu, na mpira wake hukaa humo miaka. Kipimo kilekile. Baba yake aliwahi kufanya hivyo kwenye kiberenge cha reli.

Katia mpira mmoja wa jeki kwenye chupa yangu ya jamu, mafuta mekundu mapya. Kaupima kwa kalipa yake ya chuma: 22.2. Kaandika kwenye karatasi, kaibandika. Mwandiko mzuri kuliko wangu.

Utapimwa Alhamisi saa nne. Usipovimba, anafunga Ijumaa, kwenye ndege, mikono yake mwenyewe, na kujaza anajaza mwenyewe. Ukivimba, anaanza upya.

Nimeuliza kama bado atapanda. Kanitazama juu ya miwani. Sheria ni sheria, kasema, na ina upande wa pili ambao baba yake hakuutumia mara nyingi: aliyesimamisha safari kwa ajili ya breki, naye anapanda. Kiti cha tatu kiko wazi. Kapteni keshakubali.

Nami nimekubali. Sikufikiri sana.

Alhamisi, Mabwerebwere. Rula niiache nyumbani, kasema. Jumamosi tarehe 25, saa mbili asubuhi, Mikumi. Kiti cha nyuma.