Vigae vya Bustan

Ghubra, 3 Februari 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila huku ng'ambo kumechafuka. Kwenye kiwanja cha marehemu baba, pale Bustan, mafundi wa kaka Ghassan wamefukua vigae, na ofisi yetu ya mambo ya kale imenituma mimi kuvitambua. Nimeviramba, Mama. Usicheke, ndiyo kazi yetu: kauri ya Kichina huteleza ulimini, hivi vinanata. Ndani udongo laini wa manjano, juu mng'aro mweupe wa madini ya bati na maua ya samawati. Ni vya Kihispania, vililetwa enzi za Mreno. Nikiandika hivyo, ujenzi unasimama. Kaka amempiga mlinzi wetu mateke ya tumbo mpaka akatapika damu, akavunja masanduku mawili ya vigae kwa nyundo. Vilivyobaki nimevificha kwangu, stoo ya jikoni. Usimwambie.

Mwanao,
Ghaliya

Unguja, 11 Februari

Mwanangu Ghaliya,

Marahaba. Goti linauma lakini nnatembea, alhamdulillahi. Baba yenu hayupo, kaka ndiye baba, na ndugu hawafichani. Nimempigia Ghassan nikamwambia vigae viko wapi, aje mzungumze kistaarabu. Hasira zake moto wa mabua tu, unamjua.

Mama yako

Ghubra, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Afya yangu utaiona kwenye mwandiko: naandika kwa kushoto. Alikuja Ijumaa. Hakusalimu. Alivisaga vigae vyote sakafuni kwa nyundo, kisha akanikamata mkono wa kulia akaulaza pale pale. Vidole vitatu. Nilisikia mifupa kabla ya maumivu. Hakujua kwamba ripoti na picha nilishazipeleka ofisini. Kaka amewaambia polisi nimeanguka ngazini. Shahidi sina. Nimewapa namba yako, watakupigia wewe. Leo nakuchukia, Mama, na nakuhitaji.

Ghaliya

Unguja, 9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sijui kama nna haki ya kuuliza. Ghassan aliwatangulia polisi kunipigia, analia: "Mama, sema ngazi tu, n'takwenda jela mie." Nimewaambia mimi ndiye niliyemwelekeza stoo. Wakauliza kama alitamka atakalokufanya. Nikasema ndiyo. Siku ile nilipompigia kumwambia vigae viko wapi, alinambia, "Huo mkono wake unaoandika n'tauvunja." Nami nilicheka, nikamuuliza khabari za watoto.

Mama yenu