Sanduku Tupu la Mwaka Mpya

Baba Duván,

Teksi imeshafika, naandika haraka. Supu ya maharage iko kwenye friji, uipashe moto, usiile baridi kama mwizi. Kasuku mpe ndizi asubuhi. Na gesi uifunge!

Umetoka umenuna, hata kahawa hujanywa, ukaniachia swali lako: "Utaendaje Meksiko bila mimi?" Kwa ndege, mume wangu. Si mimi niliyeiacha pasipoti yako iishe muda, ukaja kuifungua leo, siku yenyewe ya safari. ~~Nitampigia Duván nimwambie tuahirishe.~~ Hapana. Mtoto amejinyima mwaka mzima ili atutembeze wiki moja, atuonyeshe piramidi na zile mashua za maua. Nitapanda vyote.

Usiku wa Mwaka Mpya unaukumbuka? Mtaa mzima tulizunguka na masanduku matupu, kama kila mwaka, ili mwaka utupe safari. Wewe ukakaa kibarazani na zabibu zako kumi na mbili za bahati: "Mwanaume mzima nikimbie na sanduku tupu, nimechanganyikiwa?" Haya, mimi huyo naondoka, wewe unabaki na kasuku.

Shati lako jipya nimelibeba. Mwanao aone japo shati.

Sanduku dogo nimekuachia hapo mlangoni. Halina kitu ndani. Giza likiingia, zunguka nalo mtaa. Bi Ofir wa mlango wa pili nimeshamwambia asikucheke.

Mama Duván